Unaomba nyaraka za serikali Moroko? Anzia masijala

Wadogo zangu mnaokuja Rabat kwa utafiti, nawaandikia mapema ili msipoteze miezi kama nilivyoipoteza mimi.

Moroko ina sheria ya haki ya kupata taarifa, namba 31-13, iliyoanza kutumika Machi 2019. Mizizi yake ni ibara ya 27 ya Katiba ya 2011. Mgeni naye anayo haki hiyo, mradi anaishi nchini kihalali. Kwa hiyo shughulikieni kwanza kibali cha ukaazi, maana namba yake inatakiwa kwenye ombi.

Ombi langu la kwanza lilisema nahitaji "taarifa zote kuhusu maji ya mji". Nilimkabidhi kijana wa mapokezi katika ofisi moja, nikaondoka moyo mweupe. Wiki zikapita, kimya. Niliporudi, hakuna aliyejua barua iko wapi, nami sikuwa na chochote cha kuonyesha kwamba niliwahi kufika pale.

Mara ya pili nilikwenda masijala, ambayo wenyewe huiita maktab al-dabt. Nilibeba nakala mbili. Mama aliyekuwa zamu aligonga mhuri kwenye ya kwanza, akaandika namba na tarehe kwa kalamu ya bluu, kisha akaigonga na ya kwangu na kunirudishia. Tunzeni nakala hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Tangu tarehe ile ofisi ina siku 20 za kazi za kujibu, na inaweza kujiongezea 20 nyingine. Zikiisha bila jibu, una siku 20 za kazi za kulalamika kwa mkuu wa taasisi. Asipokuridhisha, unayo siku 30 za kuifikia Tume iliyoundwa na sheria hiyo, na baada ya Tume kuna mahakama ya utawala. Asiye na mhuri hana pa kuanzia kuhesabu.

Safari hiyo nilitaja waraka wenyewe: ripoti ipi, ya mwaka gani, ya idara ipi. Ofisa hawezi kwenda kabatini kutafuta "taarifa zote". Na jihadharini na Kiswahili chetu: ukitamka "taarifa", Mwarabu anasikia ta'rifa, yaani orodha ya bei. Neno lao ni ma'lumat.

Fomu itakuuliza pia sababu ya kuomba. Andika ukweli kwa sentensi moja, utafiti wa chuo, basi. Mimi sipendi kabisa kipengele hiki. Sheria ya Tunisia ya 2016 haimlazimishi mwombaji kujieleza, na naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Jordan, iliyotangulia nchi zote za Kiarabu kutunga sheria ya namna hii mwaka 2007, ilianza kwa kumtaka mwombaji awe na maslahi halali. Misri nako, ibara ya 68 ya Katiba ya 2014 inasema nyaraka rasmi ni mali ya umma, lakini sheria ya kuitekeleza ndiyo inayosubiriwa. Anayetaka kulinganisha nchi hizi asisome katiba peke yake.

Ukipewa waraka, nukuu kama ulivyo. Ibara ya 29 ya sheria ya Moroko inamtia hatiani anayepotosha maudhui ya alichopewa akasababisha madhara. Mimi huandika namba ya ukurasa kando ya kila takwimu, na nakala yenye mhuri naibana juu kabisa ya faili.