Boti ya mbao au ya faiba kwa safari za Goma–Idjwi?

Ndugu, umeuliza uchague ipi kati ya boti mbili: ya mbao ya mita 10 yenye injini ya farasi 40, au ya faiba ya mita 7. Kwa familia na magunia machache kati ya Goma na kisiwa cha Idjwi, mimi ningechukua ile ya mbao, ingawa ya faiba inapendeza macho. Mbao ikipasuka, fundi wa boti yupo karibu kila ufuko wa Ziwa Kivu. Wa faiba utamtafuta, na resini, ile gundi ya kutengenezea faiba, nayo uitafute.

Ila usilipe kabla ya kuinua sakafu. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo chuma hakiliwi sana, lakini mvua inayotuama ndani huozesha mbao. Chomeka kisu kwenye mbavu, hasa upande wa nyuma unaobeba injini. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, ondoka. Wauzaji wakikukatalia kufanya hivyo, jibu umeshapata. Boti ya faiba nayo huoza kwa siri, kwenye mbao iliyofunikwa ndani: gonga ule ubao wa nyuma unaobeba injini kwa mpini wa nyundo, ukilia mzito na mfu, umeshiba maji.

Suala la injini ndilo wengi hulisahau. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Kwa hiyo ile injini ya farasi 40 ya boti ya mbao, ijaribu boti ikiwa na mzigo kamili. Ikishindwa kufikia mizunguko yake ya juu, dai propela yenye hatua fupi (inayosogeza boti kidogo zaidi kwa kila mzunguko, hivyo kuipunguzia injini mzigo) kabla ya kukubaliana bei. Jaketi za kuokolea zihesabu kando ya bei ya boti.