Mumeo Hajamsahau Mtoto, Ila Wewe Hujawahi Kumuuliza

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Masasi. Mume wangu ameingia darasa la theolojia kanisani kwetu Anglikana, kila Jumamosi. Tangu hapo ndoa yangu imekufa. Usiku anawasha taa ya sola, anasoma, anaandika, mara anacheka peke yake, mara anaimba. Mwaka juzi tulimzika kijana wetu wa miaka tisa. Mimi mpaka leo chakula hakinipiti. Yeye anaongea habari za mbinguni kama mtu aliyepata bei nzuri mnadani. Juzi amenisomea kwamba mbinguni hakuna kuoa wala kuolewa, nikajua ananiaga. Akiniita nikasikilize namwambia kasome mwenyewe. Nimekuta ameandika jina la mtoto pembeni ya daftari lake, nikalia kwa hasira. Shamba nalo amelisusa, palizi nimefanya mimi, yeye kapuliza salfa tu na kupeleka korosho ghalani. Hela tumejengea kaburi, iliyobaki tukaezeka bati. Je, bado ananipenda, au dini imemchukua? – Mke Aliyesahauliwa, Masasi*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kijana wako. Mama aliyezika haulizwi mbona bado analia, na mimi sikuulizi. Pole tena.

Sasa tuseme ukweli. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma mumeo anatoka msafi kuliko ulivyokusudia. "Kapuliza salfa tu." Hiyo "tu" yako nimeikataa. Mtu aliyebeba mashine mgongoni chini ya mikorosho, kitambaa kimefungwa puani, macho yanawaka kwa ile dawa, hajalisusa shamba. Amesimamia mti mpaka ukazaa, amepeleka mzigo ghalani, na hela ilipoingia hakwenda mjini nayo. Amemjengea mtoto kaburi na wewe amekuezekea nyumba. Unajua barua ninazopata hapa msimu wa korosho ukifika? Wanawake wa Tandahimba, Newala, Nachingwea, wananiandikia kwamba malipo yameingia Jumatatu na hadi Ijumaa mume hajaonekana, yuko gesti na mke mpya wa msimu. Wako anarudi na daftari, halafu unaniuliza kama anakupenda.

Dini haijamchukua mtu hapo. Kilichokukera ni kicheko chake. Unaona nyumba yenye kaburi haina haki ya kuwa na mtu anayecheka, na anayecheka basi amesahau. Nakuelewa, kwa sababu nimewahi kuwa hapo ulipo. Nilipofiwa na mume wangu, wifi yangu alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya msiba kwa majivu huku anaimba nyimbo za kanisani. Nilitoka nikamwambia hana utu. Hakunijibu, aliendelea kusugua. Miaka ilipita ndipo akaniambia, "Wifi, siku ile ningenyamaza ningeanguka." Mpaka leo nikisikia sufuria inasuguliwa namkumbuka, na naona aibu.

Fungua Samweli wa Pili, sura ya 12. Mtoto wa Daudi alikuwa mgonjwa siku saba, baba amelala chini, hali chakula. Mtoto alipofariki, Daudi aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda nyumbani mwa Bwana kuabudu, akarudi akaomba chakula. Watumishi wake walishangaa kama unavyoshangaa wewe. Akawaambia kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hawezi kumrudia yeye. Mtu anayesema hivyo hajasahau chochote. Anajua alipo mtoto, na anajua njia inaelekea wapi.

Mwanangu, mimi nadhani najua mumeo anacheka nini usiku. Wengi wetu tulilelewa na mbingu ya mawinguni, roho zinaelea, hazina uso wala mikono. Ukishamshika mtoto wako amepoa, ukamwosha, ukamfunga sanda, mbingu ya namna hiyo haikufai kitu. Wewe ulimpenda akiwa na magoti yenye makovu, na sauti yake, na ule mkono wake ulioujua hata gizani. Halafu mtu akiingia darasani anafundishwa kile ambacho Kanisa limekikiri tangu zamani na sisi tunakitamka kila Jumapili bila kukitafuna: ufufuo wa mwili. Anasoma Luka 24 anamkuta Bwana aliyefufuka akiwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, wao bado hawaamini kwa furaha, naye anawauliza kama wana chakula chochote. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Samaki! Baba aliyezika, mtu wa Kusini huku tunakojua harufu ya samaki akiwa juu ya moto, asome hayo saa nne za usiku asicheke? Mimi ningeamsha nyumba nzima.

Tena soma Ufunuo 21. Mji unashuka, Mungu mwenyewe anakuja kukaa na watu, naye anafuta kila chozi. Angalia hapo: kuna machozi ya kufutwa. Watu wamefika nayo. Hakuna aliyesimamishwa mlangoni akaambiwa anyamaze kwanza ndipo aingie. Hata Yesu kwa Lazaro alilia, na alikuwa anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini. Tumaini halikumkausha macho. Mumeo naye inawezekana analia shambani usipomwona, maana wanaume wetu wa huku ndivyo walivyofundishwa. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini.

Na imani hii si ya kukodi hapo kwenu. Kanisa la Masasi lilianzishwa mwaka 1876 na watu waliokuwa watumwa, wamekombolewa, wakapanda kutoka Lindi pamoja na Askofu Edward Steere. Mwaka 1882 wakavamiwa na Wamagwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hawa walikuwa wameuzwa, wamenyang'anywa wazazi na watoto, halafu wanaonja tena. Ukiwahubiria watu hao mbingu, hawaichukui kama pambo. Chini ya yale yale majabali unayoyaona ukienda mjini, walioshika imani hiyo ni watu waliozika kuliko wewe na mimi.

Hilo la kuoa na kuolewa ni Mathayo 22. Masadukayo walikuja na mtego wa mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, wakitaka kuchekesha watu juu ya ufufuo, Yesu akawajibu. Hakusema watu hawatajuana. Hakusema mumeo atakupita kama mgeni. Ungemruhusu amalize ukurasa ungelijua hilo, lakini ulishaondoka na mstari mmoja ukaenda kuulilia jikoni.

Na hapa nitasema na wengine wanaosoma, si wewe peke yako. Ndoa za siku hizi zinakufa kwa neno hilo ulilolitaja kama jambo dogo: "kasome mwenyewe." Mtu anakuja na kitu kilichomgusa moyo, mwenzake hageuzi hata shingo. Mmoja amelalia simu yake, mwingine yake, migongo imekutana katikati ya kitanda. Siku moja anakuja mtu wa nje anayejua kusikiliza, ndipo tunaanza kutafuta waganga na kuandika barua. Mumeo amekualika mara ngapi? Barua yako inasema akikuita, wala si kwamba alikuita siku moja. Huyo haachi. Aliyesahauliwa katika nyumba hiyo, mwanangu, nachelea kusema, si wewe.

Kosa lake nalo lipo, nalisema kwa kifupi. Daudi alipomaliza kula alikwenda kumfariji mke wake, imeandikwa hapo hapo. Mumeo anakuja na mistari kabla hajaja na bega. Palizi peke yako ni nyingi, mwambie hivyo, kwa sauti ya kawaida, mchana, mkiwa mmekaa.

Lakini leo usiku anza na daftari. Hilo jina ulilolikuta pembeni, rudi ukaangalie limeandikwa kando ya somo gani. Mimi nina hakika yangu, ila nataka ulione kwa macho yako. Kisha akiwasha taa vuta mkeka, kaa upande ule mwanga unapofika, umwambie, "Baba, nisomee kuanzia hapa ulipomwandika."