Vuta N'kuvute au T-Junction?

Yakhe, umeuliza ipi kali kati ya hizo filamu mbili za Amil Shivji, mwongozaji wetu wa Tanzania, na umesema Vuta N'kuvute ilikuchosha kwa upole wake. Mie naona upole ule ndio utamu wenyewe. Ile ni Unguja ya miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, na Yasmin kamkimbia mume mzee aliyeozwa. Sasa mtu kama huyo akimkodolea macho Denge, yule kijana mpigania uhuru, unataka aseme maneno mangapi? Tazama vile vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, taa moja tu, jasho linang'aa shingoni. Mama yangu, ambaye filamu humpa usingizi, aliinuka kwenye mkeka akasogea hadi karibu na runinga.

Ila kama umekisoma kwanza kitabu cha Adam Shafi, kile filamu ilikotolewa, pole. Mie nilikisoma shuleni, na nusu saa ya mwanzo nilikuwa nagombana na kioo tu: mbona hivi, mbona vile. Mara ya pili nikatulia, nikaipenda.

T-Junction ya 2017 ni ya Dar, msichana Fatima anakutana na Maria hospitalini, na huyo Maria anamhadithia. Hadithi imekazana vizuri zaidi, hilo nakukubalia. Lakini picha zake sizikumbuki. Za Vuta N'kuvute, hata nikipita Shangani, humo humo Mji Mkongwe, kununua mkate, zinanijia. Irudie, na safari hii zima simu.