Usimpe fundi hiyo kaseti, nakili sevu kwanza

Yakhe simama hapo hapo, kesho usiende Darajani. Nimeisoma post yako mara mbili. Kaseti ya Game Boy ya gemu la Pokémon Gold alokuachia kaka yako kabla hajaenda Muscat, ukiwasha inakwambia saa huenda si sahihi uiseti upya, fundi kakwambia betri ya ndani imechoka atakubadilishia kwa elfu kumi na "hakifutiki kitu", na hapo hapo unauliza mashine gani ya gemu ya mkononi bora ununue, PSP au GBA SP. La kununua ntalijia. Hilo la "hakifutiki kitu" ndo lilonitoa kitandani saa hizi, maana neno kwa neno ndo nloambiwa mie mwaka 2019 na nikaamini.

Kinafutika. Chote.

Skiza ilivyo. Kaseti zile za zamani sevu (yaani pale ulipofika kwenye gemu) haikai kama inavyokaa kwenye flashi, kwamba ukichomoa ipo tu. Inakaa kwenye kijichipu ambacho muda wote lazima kipate umeme, na ukizima mashine umeme huo unatoka kwenye kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi, CR2025, volti 3, kimelehemiwa kwenye bodi kwa vibati viwili. Na Gold na wenzake, Silver na Crystal, ndo zaidi, kwa sababu kibetri hicho hicho kimoja kinaendesha na saa ya gemu, usiku na mchana, hata kaseti iwe imelala kabatini, ndo mana kinakufa mapema kuliko cha Pokémon za mwanzo, Red na Blue. Gold imetoka Japani 1999, hesabu mwenyewe. Sasa fundi akikichomoa, hata kwa muda wa kupiga chafya, kile kijichipu kimekosa umeme na kila kilokuwemo kimekwenda, hakuna pa kukitafuta, hakuna programu ya kukirejesha.

Sasa nkwambie yangu. Game Boy Color yetu aliileta mjomba kutoka huko huko Muscat, imeshatumika, ya zambarau, na kaseti moja tu, Gold. Tukicheza kwa zamu mie na dada yangu, lakini kuimaliza tuliimaliza ile miezi ya giza, Unguja nzima haina umeme wa gridi toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakubwa mnakumbuka, maji hakuna kwa sababu pampu hazina umeme, majenereta yananguruma mtaa mzima, TV imekaa ukumbini kama kabati. Sie tuna mashine inayokula betri mbili ndogo za dukani. Tabu yake kioo cha Game Boy Color hakina taa, kwa hiyo usiku mmoja anacheza na mwengine anamshikia kandili juu ya bega kwa upande, maana ukiliweka mbele unaona kandili tu kwenye kioo na ukiliweka nyuma kichwa chako chenyewe kinatia kivuli. Joto la Januari, jasho linadondokea vitufe, mama anauliza mafuta ya taa yanakwenda wapi. Kile kitaa chekundu cha pembeni kikianza kufifia tunazitoa betri tunaziuma kwa meno tunazirejesha, tunapata dakika kumi nyengine.

Dada ndo alomchagua kimnyama wetu wa mwanzo, Totodile, akampa jina NGURU. Mnaoijua Gold mnajua, ukishapata beji nane na kuwapiga mabingwa wa ligi unadhani umemaliza, kumbe inakufungulia nchi ya pili, Kanto, beji nane nyengine, jumla 16, halafu juu kabisa ya mlima, Mt. Silver, kuna mpiganaji anaitwa Red amesimama, hasemi neno, Pikachu wake yuko level 81. Alitupiga siku nne mfululizo. Siku ya tano alibakia NGURU peke yake, damu yake kimstari chembamba chekundu, mbele yake Charizard, dada kanipokonya mashine mkononi kabonyeza pigo la Surf mwenyewe, kandili likataka kuanguka. Tulipiga ukelele jirani akagonga mlango akidhani umeme umerudi.

Dada akaolewa akahamia Wete. Kila akija Unguja sikukuu, akishavua buibui tu anaulizia mashine, anaiwasha anamtizama NGURU level gani, anazunguka naye kidogo anasevu anazima. Basi. Miaka mitano hivo. Saa zilikuwa zimefika 143 kwenye sevu.

2019 ikaanza kama yako, inasahau saa. Nikauliza kwenye grupu moja la gemu, akaja mtu na uhakika wake wote akaandika "betri ni ya saa tu, sevu iko kwenye chipu, badilisha usiogope". Na mie nikashukuru! Baadae sana ndo nikajua alichofanya, kachukua habari ya Ruby na Sapphire, Pokémon za baadae za GBA, ambazo kweli sevu yake haitegemei betri, betri ni ya saa peke yake, na ikifa gemu lenyewe linakwambia unaweza kuendelea kucheza, yeye kaichukua hiyo kaibandika Gold bila ya kuijua Gold. Mtu hajui kitu si aseme hajui? Kinachouma ni ule uhakika. Angeandika "nadhani" ningeuliza mtu wa pili.

Nikaipeleka kwa fundi. Sisemi nani wala wapi. Bisibisi ya zile skrubu hakuwa nayo, akachukua kalamu ya plastiki akaiyeyusha kitako kwa kiberiti akaigandamiza juu ya skrubu mpaka ikapoa ikashika umbo, akazungusha, ikafunguka. Nikaona huyu ndo fundi. Nikamuuliza, "Na sevu je?" Akanambia "imo humo, haendi mtu". Akashika koleo akaking'oa kibetri, tak! Ile sauti naisikia mpaka leo. Kaweka kipya, kafunga, kanipa. Nikawasha pale pale kwenye benchi lake. Zamani ukiwasha neno la kwanza juu ni Continue. Siku hiyo juu kuna New Game, chini Option. Yamekwisha. Nikazima nikawasha mara tatu, nikaipuliza kaseti kama mtoto. Fundi ananambia "si inafanya kazi? Tizama, inawaka". Pesa yake nikampa, maneno sikuwa nayo.

Nikampigia dada usiku. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na Nguru?" Nikashindwa kumjibu. Sikukuu ilofuata alipokuja hakuulizia mashine.

Kwa hiyo ndugu yangu shika hili moja tu katika yote nlokuandikia: NAKILI KWANZA. Kabla ya skrubu, kabla ya fundi, kabla ya kuisafisha kwa spiriti. Kuna vifaa vidogo unachomeka kaseti upande mmoja na USB upande wa pili, mie nlinunua GBxCart RW, unaiwasha kwenye kompyuta unabonyeza inasoma sevu yote inakuwekea faili. Faili hilo la Gold ni kilobaiti 32, kijipicha cha WhatsApp kinalizidi. Miaka yetu yote ile ilikuwa kilobaiti 32 na hakuna alonambia inanakilika! Liweke kwenye kompyuta, kwenye simu, jitumie kwa imeili, mtumie na kaka yako Muscat. Hapo sasa fundi na afungue atakavyo, akimaliza unairudisha sevu ndani kwa kifaa hicho hicho, unaseti saa, Continue unaikuta inakusubiri.

Na usingoje. Hilo onyo la saa maana yake kibetri kinakata roho lakini sevu bado ipo. Ikifika siku umewasha ukakosa Continue, imeshakwenda bila hata ya fundi kuigusa.

Atakuja mtu hapa chini akwambie kuna njia ya kubadilisha huku mashine imewashwa na gemu linakwenda, kwamba mashine yenyewe inakipa kijichipu umeme. Ni kweli inawezekana. Mkono ukiteleza mara moja tu huna sevu, na pengine huna kaseti. Ukishanakili fanya mbwembwe unazotaka. Na mwambie fundi atafute betri ilokuja na vibati vyake kabisa, alehemu vibati, asiweke moto juu ya betri yenyewe, hupasuka hizo.

Na asije mtu kunambia mtu mzima unalilia gemu. Barazani kwetu watu wazima wana ndevu wameacha kusalimiana kwa ajili ya dhumna, na dhumna haisevu.

PSP na wewe ukinunua, ni hayo hayo, ingia kwenye kadi yake folda la PSP, ndani mna SAVEDATA, linakili lote kabla hujaambiwa na mtu "tui-format tu itapona". Wenye Nintendo Switch nao wajue sevu haiko kwenye kaseti wala kwenye kadi ya kumbukumbu, imo ndani ya mashine yenyewe, usiipeleke kuresetiwa hivi hivi. GBA SP ina taa na ya kuchaji na hiyo kaseti yako inaingia, kandili huhitaji.

Mie nipo Kikwajuni, kifaa ninacho, kazi ya dakika tano na sitaki senti yako, njoo Ijumaa baada ya sala au nitumie ujumbe nikufate. Na kama kaseti ushaiacha kwa fundi, vaa viatu kaifate sasa hivi hivi, mwambie umeghairi, elfu kumi akiitaka mwachie.