Maswali na Majibu: Modeli na Jaribio Havilingani, Nirekebishe Namba?

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi hapa Nairobi. Mradi wangu ni wayo wa mguu bandia wa bei nafuu, unaochapishwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA. Kwa mzigo wa mtu wa kilo 80, simulesheni inasema wayo utanepa milimita 6 na kigezo cha usalama ni 3, yaani utabeba mara 3 ya mzigo huo kabla ya kushindwa. Nilipoupima karakanani ukanepa milimita 9. Jamaa anayesaidia watu kuandika ripoti ameniambia nipunguze moduli ya Young (namba inayoonyesha malighafi inavyokataa kunepa) hadi modeli nayo itoe 9, kisha niandike kwamba imethibitishwa. Msimamizi wangu hajauona mchezo huo bado. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, na huyo jamaa usimlipe hata shilingi. Ushauri wake nakutana nao kila muhula, kwa wanafunzi na kwa watu wazima wenye kampuni, na kila mara unaletwa kana kwamba ni mbinu ya kitaalamu.

Tuangalie namba zako mwenyewe. Kushusha moduli kwa theluthi moja kutakupa milimita 9 vizuri kabisa. Sasa rudi kwenye ile picha ya rangi ya simulesheni utazame mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo la plastiki. Haujabadilika. Kwa kipande cha malighafi moja kinachobeba nguvu ileile, mnepo ukiwa mdogo, mkazo hautegemei moduli. Unategemea nguvu na umbo. Kwa hiyo utakuwa umesawazisha mnepo, na kigezo cha usalama kitabaki 3 kama kilivyokuwa, bila kuguswa na chochote ulichokiona karakanani. Jaribio lilikuwa linakuambia kuna kosa mahali, nawe umelinyamazisha.

Na kosa lenyewe laweza kuwa dogo tu. Chukua vernia upime unene wa wayo pale unapopinda. Tuseme mchoro unasema milimita 8 na kipande kilichotoka kwenye printa ni 7, kwa sababu ulichapisha faili la zamani au ulipiga msasa kupita kiasi. Ukakamavu wa bamba linalopinda hufuata unene kipeo cha tatu, kwa hiyo milimita hiyo moja inakula theluthi ya ukakamavu wote. Mnepo unatoka 6 unafika 9. Moduli haina kosa lolote hapo. Ila safari hii mkazo unapanda kwa asilimia 30 hivi, maana wenyewe hupanda unene unaposhuka, kwa kipeo cha pili. Sababu mbili tofauti zinakupa mnepo uleule: ya kwanza inaacha usalama wako mahali pake, ya pili inaumega. Ukichezea moduli hutajua kamwe uko kwenye ipi.

Jambo la pili la kukagua ni jiliwa, yaani kile kinachoshika wayo unapoupima. Wengi huweka geji ya saa (kipimo cha mnepo chenye mshale) kwenye wayo na kusahau kwamba fremu ya chuma cha kuungaunga nayo inanepa. Weka geji nyingine kwenye fremu yenyewe, pakia mzigo, soma zote mbili, kisha toa namba ya fremu kwenye ya wayo. Bolti ya kifundo pia: kwenye kompyuta umeigandisha isisogee kabisa, lakini kwenye plastiki bolti huteleza kidogo na kuzama. Halafu kuna ujazo wa ndani wa printa. Kama ulichapisha nusu wazi ili kuokoa plastiki huku modeli ikidhani kipande kimejaa, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Moduli ipime peke yake. Chapisha ukanda mnyoofu kwa printa ileile, mwelekeo uleule wa tabaka, uweke juu ya mihimili miwili, ning'iniza uzito katikati, pima mnepo, kokotoa. Namba utakayoipata ndiyo unaingiza kwenye modeli ya wayo, na baada ya hapo huigusi tena. Kisha andika utabiri wako, tarehe juu, umpe msimamizi kabla ya kupakia. Modeli iliyorekebishwa kwa data ileile inayodaiwa kuithibitisha ni kama mwanafunzi aliyenakili majibu nyuma ya kitabu: alama anazo, lakini hujajua anachokijua.

Usiniambie huna mashine ya kupimia. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji, kwenye wenzo wa 5 kwa 1, unasukuma kwa newtoni kama 980. Mtu wako wa kilo 80 akitembea kawaida hukanyaga kwa takriban mara 1.2 ya uzito wake, yaani newtoni 940 hivi. Fundi yeyote wa Kamukunji atakuchomea wenzo huo.

Nimekaa sana kwenye wayo wako, ila hofu yangu ni pana zaidi. Tarehe 23 Agosti 1991, huko Norwe, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama wakati wa kujaribiwa majini. Programu ya kompyuta haikuharibika. Waliotengeneza modeli waligawa kuta, ndani ya kompyuta, katika vipande vya hesabu vikubwa mno, na nguvu za kukata (zile zinazotaka kuutelezesha upande mmoja wa ukuta juu ya mwingine) zikakadiriwa chini kwa asilimia 47. Hakuna aliyekufa. Hesabu makini iliyofanywa baadaye ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye 65. Modeli nzuri zipo, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba tatizo ni kompyuta.

Kwenye mwili wa binadamu tunahitaji unyenyekevu zaidi. Watafiti wa Berlin walioweka vihisio ndani ya nyonga bandia walikuta kwamba kutembea kunabana kiungo kwa zaidi ya mara mbili ya uzito wa mtu, na mgonjwa mmoja alipojikwaa ikapita mara 7. Mzigo wa kujikwaa huwezi kuuotea ukiwa umekaa kwenye kiti. Sasa fikiria abiria anayeruka kutoka kwenye matatu iliyosimama nusu nusu pale Muthurwa, na wewe umepima mtu aliyesimama wima.

Kuna uchovu wa malighafi pia, yaani kuvunjika kwa mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi, ambao kile kigezo chako cha 3 hakiugusi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22675 cha wayo bandia kinadai mizunguko milioni 2 ya mzigo. Mtu anayepiga hatua 5,000 kwa siku, nusu yake kwa mguu huo, anafika huko kwa miaka miwili na kidogo. PLA ya tabaka ni dhaifu zaidi pale tabaka zinaposhikana, na ufa huanzia hapo.

Kwenye ripoti andika 6 na 9, zote mbili, pamoja na ulichokagua na ulichokikuta. Mtahini anayejua kazi atakupa alama kwa hilo. Na wayo huo usimvalishe mtu, hata kwa dakika moja ya kupiga picha ya jalada.