Bibi haoni vizuri, lakini anaona watoto ambao hawapo

Swali

Daktari, shikamoo. Bibi yangu ana umri wa miaka 81, na presha ya macho imemharibia sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Tangu miezi michache iliyopita anasema kwamba jioni huwaona watoto wadogo waliovaa nguo za rangi kali wakipita sebuleni bila kutamka neno, na siku nyingine huona ukuta mzima umejaa nakshi. Akili yake ni timamu: fedha zake anazihesabu mwenyewe na tarehe za kliniki ananikumbusha yeye. Kinachonishangaza ni kwamba mishono ya nguo za watoto hao anaiona wazi kabisa, ilhali uso wangu, nikiwa nimekaa mbele yake, anauona kama umefunikwa na ukungu. Picha hiyo iliyo safi inatoka wapi ikiwa macho yenyewe yameharibika? Na je, matone anayotumia ndiyo yanayoleta hali hii, ili ayaache?

Jibu

Marahaba. Maelezo yako yanalingana sana na hali ijulikanayo kama sindromu ya Charles Bonnet, ambayo ni maruweruwe ya macho yanayompata mtu aliyepungukiwa na uwezo wa kuona bila kuwa na ugonjwa wa akili. Bonnet alikuwa mwanasayansi wa Geneva, na mwaka 1760 alichapisha habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekaribia miaka 90, ambaye baada ya macho yake kudhoofika alikuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo, huku akijua fika kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Watu wadogo wadogo, mavazi ya kupendeza, nakshi zinazojirudia na ukimya mtupu ni mambo ambayo wagonjwa wa nchi mbalimbali wameyasimulia tangu wakati huo, na kwa kawaida sura zinazoonekana si za watu wanaowafahamu.

Swali lako la msingi, yaani picha safi inatokaje kwa mtu mwenye macho mabovu, linatulazimu kwanza kuachana na dhana kwamba jicho hupeleka picha kwenye ubongo. Retina, yaani utando ulio nyuma ndani ya jicho, ina seli zaidi ya milioni 120 zinazopokea mwanga, lakini neva inayotoka katika kila jicho ina nyuzi zipatazo milioni 1 tu. Kwa hiyo kinachosafirishwa ni muhtasari wa tofauti za mwanga, kingo, rangi na mwendo. Tena sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno: ukinyoosha mkono, eneo unaloliona kwa ukali huo halizidi sana upana wa ukucha wa kidole gumba. Macho hurukaruka kama mara tatu kwa sekunde ili kuokota vipande, na wakati wa kila mruko ubongo huzuia sehemu kubwa ya taarifa zinazoingia, ndiyo maana ukijitazama kwenye kioo na kuhamisha macho kutoka jicho moja hadi jingine, huyaoni yakisogea, ingawa mtu aliyesimama kando yako anayaona bila shida.

Lipo jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani kwa karatasi na kalamu. Chora alama ya msalaba, kisha umbali wa sentimita 8 upande wa kulia chora doa jeusi. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, halafu sogeza karatasi polepole kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa. Itakapofika takribani sentimita 30 kutoka usoni, doa litatoweka, kwa sababu taswira yake imeangukia mahali neva inapotokea kwenye jicho, ambapo hakuna seli hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hili katika karne ya 17. La kuzingatia hapa si kutoweka kwa doa bali kile kinachochukua nafasi yake: huoni shimo wala kiza, unaona karatasi nyeupe inayoendelea. Ukichora mstari unaopita katikati ya doa, mara nyingi utauona mstari umeunganika pale pale ambapo jicho halina taarifa yoyote. Kila mwenye macho mazima anabeba pengo hilo maisha yake yote, na ubongo hulijaza kwa kukisia kutokana na yaliyo pembeni.

Makisio haya si kazi ya ziada inayofanywa na ubongo pale tu taarifa zinapokosekana. Ndiyo njia yake ya kawaida ya kuona. Taarifa za macho hupitia kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, na ukiichunguza miunganiko inayoingia katika sehemu ya thalamasi inayohusika na kuona, ile inayotoka machoni ni takribani moja katika kumi tu, na nyingi kati ya zilizobaki hutoka kwenye ubongo wenyewe. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikwisha kueleza katika karne ya 19 kwamba kuona ni kufikia hukumu bila mwenyewe kujua kwamba umehukumu. Ubongo hupendekeza kilichopo mbele yako kutokana na uzoefu wake, na ishara za macho huthibitisha pendekezo hilo au hulikataa, mfululizo, tangu unapoamka.

Sasa tumrudie bibi. Presha ya macho huua nyuzi za neva ya jicho, kwa hiyo yale maeneo ya ubongo wa kisogoni yaliyozoea kupokea ishara mchana kutwa yamebaki na ishara chache sana. Seli za ubongo zilizokosa ishara hazilali. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huwa nyepesi kusisimka na huanza kufanya kazi zenyewe, na kwa kuwa ishara za macho zimekuwa dhaifu, hakuna cha kulikataa pendekezo linalozuka. Mwaka 1998 watafiti wa London, akiwemo Dominic ffytche, walipima ubongo wa wagonjwa wa aina hii kwa mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakati maruweruwe yakiwajia. Aliyeona rangi, eneo lake la kuchakata rangi lilisisimka. Aliyeona sura, lilisisimka eneo la kutambua sura. Na msisimko ulianza kupanda kabla mgonjwa hajasema kwamba ameona kitu.

Hapo ndipo lilipo jibu la ile mishono ya nguo. Ukungu anaouona bibi kwenye uso wako unatokana na upungufu wa ishara zinazotoka machoni, ilhali watoto wale hawakupitia machoni hata kidogo. Wanaanzia katika maeneo ya ubongo ambayo ni mazima, yale yale ambayo wakati macho yake yalipokuwa na nguvu yalimpa nyuso na rangi za vitambaa kwa ukamilifu, na maeneo hayo hayajapoteza ustadi wake. Wala haihitajiki miaka ya upofu ili jambo hili litokee: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu 13 wenye macho mazima walifungwa vitambaa machoni kwa siku 5, na 10 kati yao wakaona maruweruwe. Mlio wa masikioni unaowasumbua watu waliopungukiwa usikivu una asili inayofanana na hii.

Nikushauri mambo machache ya vitendo. Mwelezeni bibi kwa utulivu kwamba hali hii inajulikana kitabibu na kwamba si dalili ya kurukwa na akili. Wazee wengi huficha maruweruwe yao kwa kuogopa kudhaniwa wamechanganyikiwa au wamepagawa, na kwa maoni yangu hofu hiyo huwatesa kuliko maruweruwe yenyewe. Washeni taa yenye mwanga wa kutosha kabla ya magharibi, maana mwanga hafifu na kukaa bila shughuli huyachochea. Watoto wanapotokea, ayahamishe macho upesi kutoka kushoto kwenda kulia mara kadhaa, au ainuke na kwenda chumba kingine, kwani baadhi ya wagonjwa hufaulu kuyaondoa kwa njia hiyo. Kwa wengine hali hii hupungua kadiri muda unavyopita, kwa wengine hudumu miaka. Mwombeni pia daktari wa macho aangalie kama ana mtoto wa jicho, kwa kuwa huo, tofauti na uharibifu wa presha ya macho, unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na ishara zikiongezeka maruweruwe huweza kukoma.

Hata hivyo, sijamwona bibi, na zipo dalili ambazo zingebadili maoni yangu. Iwapo watoto hao wataanza kusema naye, iwapo ataamini kwamba wapo kweli na kuwaandalia chakula, iwapo hali ilianza ghafla pamoja na homa au kuchanganyikiwa, au iwapo mikono inatetemeka, mwendo umekuwa mzito na kumbukumbu inapungua, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu maambukizi, dawa mpya, ugonjwa wa Parkinson na aina fulani za ugonjwa wa kusahau huleta maruweruwe pia.

Kuhusu matone, asiyaache kwa uamuzi wake wala wenu. Uwezo wa kuona uliokwisha kuliwa na presha ya macho haurudi, na matone ndiyo yanayolinda kiasi kilichobaki. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa hizo, timololi ikiwemo, zimeripotiwa mara chache kuleta maruweruwe kwa wazee. Kwa hiyo tazameni kama maruweruwe yalianza muda mfupi baada ya kubadilishiwa dawa, mwende na chupa zote kliniki, na daktari wake akiona inafaa atampa dawa nyingine siku hiyo hiyo, ili jicho lisikae bila kinga.