Maswali yenu kuhusu ALS

Baba vifungo vya shati vinamshinda, na mkono unakonda. Daktari kasema ni ALS. Ndiyo nini?

Ni ugonjwa unaoua polepole seli za neva za ubongo na uti wa mgongo zinazoamuru misuli. Msuli usiopata amri hunywea. Huanzia mkononi, mguuni au kwenye ulimi, kisha husambaa. Hisia za ngozi kwa kawaida hubaki: baba ataendelea kuhisi ukimgusa. Baadhi hubadilika tabia, na familia hudhani ni ukaidi tu.

Sisi watoto tutarithi?

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hawana ndugu aliyewahi kuugua. Pale ugonjwa unapotembea katika ukoo, mara nyingi kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi jeni yenye hitilafu, na wapo wanaoirithi wasiugue. Zungumza na mshauri wa jeni kabla ya kupima, si baada.

Kila mtu ana lake: sumu, mshtuko, kazi nzito. Kipi hasa?

Anayekutajia chanzo kimoja, hasa kama ana dawa ya kuuza, mkwepe. Jeni ya SOD1 ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1993, C9orf72 mwaka 2011, lakini hizo zinaeleza sehemu ndogo ya wagonjwa. Uvutaji sigara na utumishi jeshini vimeonekana kuongeza hatari. Kisa cha Guam, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, ndicho kinachonisumbua: katikati ya karne ya 20, Wachamoro, wenyeji wa kisiwa hicho, waliugua mara nyingi kupita watu wa kwingine. Wataalamu wakashuku unga wa mbegu za saikadi, mmea unaofanana na mnazi mfupi, na mabishano hayajaisha. Baadaye idadi ya wagonjwa ikashuka sana. Jeni za watu hazibadiliki haraka hivyo, kwa hiyo mazingira yamo. Wengi sasa wanaamini mambo kadhaa hulimbikizana kwa miaka hadi seli zishindwe. Hakuna alichokosea baba.

Kope yangu inacheza wiki nzima. Ninao?

Kope peke yake? Kalale. Muone daktari nguvu zikipungua: ufunguo haugeuki, mguu unaburuta, maneno yanakuwa mazito.

Dawa ipo?

Ya kuponya, hapana. Riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi. Tofersen, ya 2023, ni kwa wenye hitilafu ya SOD1 tu. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aliishi miaka 55 baada ya kuambiwa ana ALS, lakini usimpime baba kwa Hawking. Ombeni apimwe nguvu ya kupumua mapema, maana mashine ya kumsaidia usiku huongeza maisha. Na mrekodini sauti yake sasa. Zipo programu zitakazomsemea kwa sauti hiyohiyo.